Tangu Walipoiondoa Jazi ya Taimur

Al Khoudh,
Maskati.
14 Novemba 2024

Mpendwa dada yangu Aliya,

Assalaam aleikum. Nnakuandikia nikitumai kuwa huko Unguja nyote wazima, na lile goti lililokuwa likikusumbua sasa linakuacha ulale. Maha je, kesharudi skuli? Sisi huku joto limevunjika, asubuhi tunafungua madirisha, na miili yetu alhamdulillah haina neno. Kilichotutoka ni utulivu.

Juzi uliponipigia simu nikakujibu kwa mkato, usidhani nimekasirika. Mama alikuwa pembeni na sikutaka asikie. Ndiyo maana nimeona bora niandike.

Unakijua kile kipindi cha redio cha kaka yetu Taimur, cha jazi ya taratibu baada ya magharibi. Ulipokuja kwetu ulikisikiliza ukasema saksafoni ile inakutia usingizi. Basi kituo kimebadilishwa chote. Wenyewe wanasema wapenzi wa muziki ule wamehamia kwenye simu zao, na wafanyabiashara hawataki tena kutangaza humo. Taimur anasema hata Marekani, ulikozaliwa mtindo huo, redio za namna hiyo zilianza kutoweka zamani. Aliitwa ofisini asubuhi, na jioni yake zikaanza kupigwa nyimbo za vijana. Hata nafasi ya kuwaaga wasikilizaji wake hakupewa.

Ingekuwa ni kazi tu, tungevumilia. Lakini jambo hili limemgusa mama.

Unajua mama yako mkubwa haoni tena, na tangu mwaka jana kumbukumbu zake huja na kuondoka. Taimur akija mchana kumsalimia, humwita Hamdan, yule mjomba wetu aliyefariki sisi tukiwa wadogo. Lakini jioni redio ikifunguliwa na ile sauti ikatoka, alikuwa akijiweka sawa na kusema, "Huyo mwanangu." Kiingereza kinachosemwa humo hajui hata neno. Sauti ndiyo aijuayo. Na hapo ndipo alipokuwa akila na kumeza dawa zake.

Jioni ile Peninah, yule msichana wa Kenya anayenisaidia kumtunza, aliwasha redio kama kawaida, pakatoka kishindo. Akanifuata jikoni. "Dada, nimezungusha kila mahali, sauti ya Taimur haiko." Mama alingoja sana, kisha akaisukuma sahani na kuuliza, "Taimur amekufa lini?"

Nikamwambia yu hai, nikampigia Taimur simu, akamwamkia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. Mama akasikiliza kidogo, akanirudishia simu. "Huyu Hamdan," akasema. Siku zilizofuata akawa anaonja tu, uso unasinyaa, nami kila nikipita mlangoni kwake nasimama kusikiliza kama anapumua.

Nikakumbuka kuwa Taimur ana vipindi vya zamani alivyovihifadhi. Nikamfungulia mama kimoja. Mama akasikiliza kwa makini, mkono ukaifuata sahani, nikaanza kushukuru moyoni. Mara akaurudisha.

"Hapa ana mafua," akasema. "Mafua haya yalimshika Ramadhani, nikampelekea tangawizi. Yalishakwisha. Mnanisikilizisha sauti ya maiti."

Wallahi, Aliya, kweli kipindi kile kilikuwa cha Ramadhani. Nilizima, nikatoka uani nikalia.

Na Taimur naye alikuwa na lake. Kituo kilimwambia anaweza kubaki, saa zilezile za jioni, akipiga hizo nyimbo mpya na kuchangamka kama kijana wa miaka ishirini. Mkewe Hadeel ni mjamzito, na kazi ya utangazaji hapa si rahisi kuipata ukishafika umri wake. Alikuwa hajawajibu. Nikamweleza kwa simu habari ya mafua.

Kesho yake baada ya magharibi alikuja mwenyewe. Hakumwamkia mama. Alikaa kitandani karibu naye, redio imezimwa, akaanza Kiingereza chake cha redioni, polepole, akilitaja jina lake vilevile anavyofungua kipindi. Mama akageuza uso. Akanyoosha mkono, akampapasa kidevu, akaviacha vidole midomoni mwake huku Taimur anaendelea kusema.

"Umetoka kwenye redio?"

"Nimetoka, mama. Kipindi wamekifunga."

"Wamekufukuza?"

"Hapana. Wanataka nibaki nipige muziki mwengine."

"Na wewe unautaka?"

"Siutaki, mama."

"Basi kula. Peninah, mletee sahani."

Wakala pamoja wali na mchuzi wa nguru, na mama akameza dawa bila kubembelezwa. Asubuhi Taimur akaenda kuwaambia kuwa habaki.

Nimeshukuru, na khofu imenishika palepale. Kazi hajapata bado. Nnamwona Hadeel anavyomtazama mumewe kila simu inapolia. Na dawa yetu hii yenyewe si ya kuitegemea. Taimur huja kila jioni, ziko jioni mama humjua, ziko jioni hamjui. Jana alimsikiliza akamwuliza, "Hamdan, Kizungu umejifunza lini?" Taimur akamjibu, "Zamani, dada," akaendelea kumlisha. Mimi niliondoka pale, sikuweza kutazama.

Dada yangu, najua safari si nyepesi. Lakini sauti yako na ya marehemu mama yako ni moja, na mama humtaja sana mdogo wake siku hizi. Ukiweza kuja, usingoje mpaka sikukuu. Njoo sasa, wakati bado ziko jioni anazotujua.

Nisalimie Saeed, mbusu Maha, na majirani wote wanaoniulizia wape salamu zangu. Hadeel na Peninah wanakusalimu. Taimur anasema umwombee dua, na mimi nnakuomba umwombee kweli. Mola akuhifadhi wewe na nyumba yako, atukutanishe kwa kheri mama angali nasi.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye kwa dhati,
Bakhita