Mnong'ono Katika Kishikwambi

Magwagwa,
Jumamosi.

Kwa dada yangu mpendwa Sheryl,

Pokea salamu tele kutoka huku milimani, kwenye mvua isiyojua kupumzika. Mama hajambo? Goti lake je? Na wewe na watoto mnaendeleaje hapo Oyugis? Mimi mwili ni mzima, ila moyo, dada, unanidunda hata kalamu inateleza.

Nianze na raha. Ndoa ni tamu! Miezi mitatu sasa, na kila Nyamongo wangu akiingia mlangoni na vumbi la chaki ndevuni, naona kama ndiyo siku ya kwanza. Tena ungemwona darasani! Hasimami mbele kuhubiri. Watoto wake wa Gredi ya Tano hukaa kwa makundi, husikiliza sauti kwenye vishikwambi, hubishana, kisha huigiza walichosikia. Sauti hizo aliniomba nizirekodi mimi, eti Kiswahili changu kimenyooka. Nikawa muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili, nikawa na mteja mkorofi: "Ndizi gani hizi, mama, zimezaliwa jana?" Watoto walicheka hadi wakakohoa. Hata Bonareri, msichana ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa, alianza kuinua mkono.

Basi Alhamisi wazazi walialikwa waje kuona. Baba mkwe, ambaye ndiye mwenyekiti wa bodi ya shule, aliketi mbele kabisa. Mimi nilikuwa nyuma nikigawa chai. Nyamongo akamwita Bonareri achague sauti yoyote. Mtoto akabonyeza. Spika ikatoa mnong'ono wa mwanamke akimwita mtu asali wa roho yake, akimwambia harufu ya shingo yake inamtia wazimu, aje upesi, kitanda kimepoa.

Dada, hawa wakwe zangu wana heshima yao wanayoiita chinsoni. Baba haingii hata nyumbani mwa mwanawe aliyeoa, sembuse yeye na mwanawe au mkwewe kusikia mambo ya kitandani wakiwa chumba kimoja! Mzee aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Mama mmoja karibu nami akasema, "Hiyo ndiyo teknolojia? Afadhali ubao!" Mwalimu mkuu akamnyang'anya Bonareri kishikwambi, akamuuliza uchafu huo ameutoa mtandao gani. Mtoto alilia tu. Ameambiwa asirudi ila na mzazi, Jumatatu, mbele ya mwenyekiti.

Dada, sauti ile ni yangu.

Niliirekodi mchana mmoja nimtumie mume wangu kazini, aibu ikanishika, nikaiacha kwenye simu. Siku ya kuhamisha sauti za somo nilizihamisha zote pamoja bila kuangalia. Kwa kuwa nilinong'ona, hakuna aliyenijua. Nami nilisimama na birika mkononi, nikamtazama mtoto wa watu akilia, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniua.

Nafikiri Nyamongo alinijua. Aliniangalia mara moja tu, akainamisha uso. Tangu hapo tunakula kimya, kila mmoja akiogopa mwenzake ataanza. Jana sokoni mama yake Bonareri aliniambia wamemchapa aseme ukweli, na sasa hasemi lolote, hata chakula haombi. Nililia hapo hapo kwenye sukuma wiki, naye akanishukuru kwa huruma yangu. Akanishukuru, Sheryl!

Jumatatu nitakwenda shuleni kukiri. Ninaogopa. Najua mwalimu mkuu atasema namkingia mtoto kifua, kwa kuwa sauti ile haifanani na yangu. Basi itanibidi niyarudie maneno yale yale, kwa mnong'ono ule ule, baba mkwe akiwa ameketi hapo. Nikishamaliza, sijui kama nitaitwa tena mke katika boma hili. Na Nyamongo nampenda mno, dada, sijui nitaishi vipi bila yeye.

Barua hii nampa Aloo, fundi cherehani wa hapa, anayekuja huko kesho kanisani. Msalimie Mama, lakini usimsomee. Mwambie tu Jumatatu jioni asifunge mlango mapema.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Valarie.