Mbuzi wa Mjomba Apokelewe na Okoth

Dada Nyachwo,

Umeamkaje, na goti lako limeacha kukusumbua? Shemeji na watoto hawajambo? Mahindi ya Nagongera yamepata mvua? Mimi huku kwenye baridi ni mzima, nimenenepa, na bado nabishana na kila mtu maabarani, kwa hiyo usinihofie.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Wakwe wa Busia wamechunguza ukoo wetu kama desturi ilivyo, wamesikia habari za ndugu yetu Okoth, na sasa posa ya binti yako Athieno inayumba. Unataka mimi, mtafiti wa ubongo, niandike kwamba Okoth alisikia zile sauti kichwani kwa sababu ya malaria tu.

Siandiki. Ni uongo, na Okoth anajua kusoma.

Lakini aliyewasha moto ni mimi, nakubali. Krismasi iliyopita yule mhubiri aliposema Okoth amerogwa, nilisimama mbele ya wageni nikafoka, "Hakuna uchawi! Ugonjwa huu uko katika damu yetu!" Nilimnyamazisha kweli. Ila nilisema nusu ya ukweli kwa sauti kubwa, na nusu hiyo ilifika Busia kabla sijapanda ndege.

Nusu ya pili ni hii. Kazi yangu ni peptidi, vipande vidogo vya protini ambavyo seli za ubongo hutumiana kama ujumbe. Tunaposoma jeni za wagonjwa, hatukuti jeni moja ya wazimu. Tunakuta tofauti ndogondogo nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo tu, na maisha nayo yakisukuma. Ninazo, unazo, na hao wachunguzi wa Busia wanazo.

Jumapili nilimwomba Athieno namba, nikampigia Mama Nekesa, shangazi wa bwana harusi.

"Ni wewe yule profesa wa vichwa vibovu?"

"Ndimi, mama. Na vizima pia napima."

"Basi niambie bila kuzunguka. Athieno atatuzalia wendawazimu?"

Nikamwambia hatari imezidi kidogo kuliko kwa wengine, lakini watoto wengi wa koo kama yetu hawaugui kamwe. Kisha nikamuuliza, "Na kwenu, mama, hakuna hata mmoja?"

Nikasikia akifunga mlango upande wa pili.

"Kuna dada yangu," akasema. "Wageni walipokuja kuniposa, tulimfungia nyumba ya nyuma. Akawa anaimba. Tukawaambia ni redio." Akacheka, halafu akapenga kamasi. "Pangeni siku ya mahari, tutakuja. Lakini huyo Okoth nataka nimwone kwa macho. Msituwekee redio."

Dada, nimetembea na furaha wiki nzima. Sasa nasikia mmepanga siku hiyo Okoth apelekwe Kirewa kwa jamaa. Thubutu! Anameza dawa zake, analima kuliko sisi sote. Mimi ni mjomba wa mbali. Yeye ndiye mjomba aliye nyumbani. Mbuzi wa mjomba, yule ambaye wakwe humletea mjomba wa bibi harusi pamoja na mahari, apokelewe naye, kwa mikono yake, mbele yao wote.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu asiyeacha ugoro. Athieno mwambie asilie tena. Okoth mpe lile koti langu la buluu lililo sandukuni. Likimbana, asifunge vifungo.

Mdogo wako mbishi,
Ochwo