Maji Yanaporudi Mateteni

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na cherehani haikusumbui. Mimi ni mzima, ila nina jambo ambalo sitaki ulisikie kwa jirani.

Nilikwambia nimepata kazi ya ofisini. Ofisi ipo na meza ninayo, lakini siku nne kwa wiki niko mateteni, huku mtoni ambako bahari ikijaa huusukuma mto urudi nyuma. Maji ni matamu kabisa, ila yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Kazi yangu ni kulaza fremu ya mbao chini na kuhesabu kila shina lililomo. Ukingoni kuna majani mapana, nyuma yake mpunga wa mwituni, kisha matete, marefu kuliko watu wawili waliobebana. Kila mwaka matete yanausonga mpunga, nasi tunataka kujua kwa kasi gani.

Najua Baba aliingia kwenye matete kama haya na hakurudi. Najua pia nilikuapia sitayakanyaga. Nisamehe.

Mwanao, Korongo

11 Aprili

Mama,

Shikamoo tena. Hii ni barua ya tatu. Jirani anasema u mzima na unashona sare za shule, basi nashukuru. Kumbe hata kununa kunataka afya.

Mwanao yuleyule

19 Aprili

Mwanangu Korongo,

Marahaba. Mguu umepona, cherehani ndiyo mgonjwa. Sikununa. Niliandika nikachana, nikaandika tena nikachana.

Mtu mzima hafungwi kamba. Lakini sikiliza, maana haya ni maneno ya baba yako, naye alikata matete miaka kumi na mitano. Penye majani mapana usikanyage, tope lake halina mwisho. Kanyaga kwenye mashina ya matete, mizizi yake imesukana kama mkeka. Maji yakirudi hayapigi hodi. Tazama povu mferejini, likianza kwenda kinyume, toka. Wala usiingie peke yako. Yeye siku ile aliingia peke yake.

Mama yako

2 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za mguu, na za yule mgonjwa wa chuma?

Barua yako niliwasomea wenzangu kwa sauti. Mmoja alicheka, akasema mama zetu wote ni maprofesa. Wiki iliyopita huyohuyo akakanyaga kwenye majani mapana, akazama hadi kiunoni, na povu lilikwisha geuka. Tulikata matete tukayatandaza mbele yake, tukalalia matumbo na kumvuta. Mpiga kasia wetu alikuwa akimwambia taratibu, kama anayembembeleza ng'ombe, aache kupiga miguu. Alitoka bila viatu. Anakusalimu sana, na hacheki tena.

Mama, njoo uone. Utakaa mtumbwini tu, hutashuka.

Mwanao

14 Julai

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama, na jirani alinitunzia kuku vizuri. Hujambo? Umeshapumzika na ugeni?

Ulidhani nilinyamaza mtumbwini kwa woga. Haikuwa woga. Kuna neno nililokuja nalo kukwambia, nikarudi nalo.

Asubuhi ile baba yako alisema ni bamvua, maji yatajaa haraka, atakwenda kesho. Nikamwambia paa linavuja juu ya kitanda cha mtoto, linataka matete mapya, na mvua haisubiri kesho. Nilisema kwa ukali. Akachukua mundu akaenda. Mimi ndiye niliyemtuma.

Miaka ishirini na miwili nimekukataza matete. Niliogopa kwamba ukiyajua vizuri utauliza: mkata matete mzoefu vile aliingia vipi siku ya bamvua? Sasa unayajua. Usipoandika tena, nitaelewa.

Mama yako

21 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika sasa hivi, naandika nikiwa bado nimevaa mabuti yenye tope.

Nilikuwa na miaka tisa, nimelala chini ya paa hilo, lakini nilikuwa macho. Niliyasikia yote. Ulisema kwa ukali, ndiyo. Ila alipotoka ulisimama mlangoni ukamwita: "Rudi, Baba Korongo. Tutasogeza kitanda." Akaendelea kwenda. Ukamwita mara ya pili, naye akajibu kwa mbali, kwa kicheko, kwamba atarudi kabla chai haijapoa.

Kisha ukaingia ndani, ukakisukuma kitanda peke yako mpaka ukutani, nami nipo juu yake, nimejifanya nimelala.

Siku zote nilidhani unakumbuka, ndiyo maana sikusema. Usiijibu barua hii, Mama. Jumamosi nitakuwa kwako.

Mwanao