Shoka la Wilibadi na Bundi wa Mti wa Baba

Kijiji cha Ujamaa, Ngenge

Mdogo wangu Wilibadi,

Nakusalimu, ingawa nina hasira. Watoto hawajambo? Migomba imesimama? Mimi mzima. Huku vijana wanachoka saa nne, mimi nalima shamba la pamoja mpaka jua la utosi. Na barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye kisomo cha watu wazima mwalimu kasema hajaona mzee kama mimi.

Sasa nisikilize. Umeniandikia shemeji yako Paskazia ana homa siku ya tano, hali kitu, na bundi analia kila jioni juu ya mti wa baba pale Kashozi, mwisho wa kibanja chetu cha migomba. Eti umetafuta wanaume wanne waukate. Wilibadi! Mke wangu anaungua, wewe unanoa shoka? Nilipokuja kujenga kijiji nilikuachia umtunze mke, sio uchunge bundi.

Bundi analia kwenye mti ule tangu sijaota ndevu. Alilia nikaoa. Alilia nikazaa watoto tisa, wote hai. Angekuwa anaua angeanza na mimi ninayemtukana.

Hata huku walikuwepo wawili, karibu na ghala la kijiji. Mwenyekiti akasema, "Hawa wanatuitia kifo." Nikamwambia kwa heshima ya kwetu, "Waitu mwenyekiti, hawa wanakula panya, wanatulindia mbegu." Watu wakacheka: "Mzee wa Kashozi anatetea kuku wake!" Yaani mimi mchawi, na bundi ndio kuku ninaowafuga. Wakawaua kwa mawe. Mwezi haukuisha, panya wamemaliza karanga zote za mbegu. Juzi mwenyekiti kanijia, "Mzee, ulisema kweli." Nikamwambia, rudia kwa sauti, wote wasikie. Akarudia.

Na wewe utarudia maneno hayo, lakini baadaye. Hao wanaume wanne wa shoka wanatosha kubeba machela. Wambebe Paskazia leo hii mpaka hospitali ya misheni. Usingoje bundi anyamaze, hanyamazi.

Msalimie shangazi yetu wa Hamugembe, na mkwe wangu fundi cherehani. Paskazia mwambie nimeuliza kama uji unapita.

Barua inatangulia na baiskeli ya katekista. Mimi natoka kesho, nikikosa lori natembea, miguu yangu unaijua. Nikute mti umesimama, na kitanda cha Paskazia kitupu kwa sababu yuko hospitali. Kwa sababu hiyo tu, Wilibadi.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Ladislausi