Zamu ya Wenye Digrii

Jumatatu, 2 Juni

Fomu za kazi za serikali zimetoka. Baba Mansi, mume wangu, alileta habari kabla hata ya kuvua viatu. Mama mkwe akaacha kupepeta dengu, akaniuliza kama nimesikia. Nimesikia. Mlima mzima umesikia.

Kisha akatueleza. Anapenda sana kueleza. Mtihani ni mmoja kwa jina lakini una ngazi tatu: ya darasa la kumi, ya darasa la kumi na mbili, na ya digrii. Kila kazi imeandikwa inataka elimu gani, nawe unafanya karatasi ya ngazi hiyo. Mwenye elimu ya juu anaruhusiwa kushuka. Wa chini hapandi. Na kila kazi ina umri wake wa mwisho.

Mama akasema: basi mwanangu Kundan juu kabisa, mkwe wangu katikati, na mimi na darasa langu la tano nitakaa chini niwashikie ngazi msianguke. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nina digrii ya historia na nyumba hii haijui.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeisoma orodha yote ya kazi, mtoto wetu Mansi akiwa amelala. Ipo moja — msaidizi katika hifadhi ya nyaraka za kale. Nyaraka! Karatasi za wafalme na za wakulima, mtu analipwa kuzipanga. Nilidhani kazi kama hiyo wanapewa watoto wa wakubwa tu.

Inataka digrii.

Digrii yangu iko sandukuni, chini ya sari ya harusi. Wakati wa posa mshenga, Mjomba Harak, ndiye aliyebeba maneno huku na huku, na alimwambia baba yangu: mvulana amesoma biashara chuoni, lakini binti asilingane naye, wataogopa kiburi, tuandike darasa la kumi na mbili. Baba akaandika. Nami nilikuwa nimemwona Kundan mara moja tu. Alijimwagia chai kwenye suruali nyeupe, akaendelea kuzungumzia bei ya viazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikajisemea, na huyu nitaolewa. Huu mwaka wa tano na sijajuta, ila uongo ule umekaa nami kitanda kimoja.

Nilitaka kushuka, nifanye ya kumi na mbili, yaishe. Haiwezekani. Ngazi hiyo mwisho wake ni miaka ishirini na saba. Mimi nina ishirini na tisa. Imebaki ya digrii, na huko hawamtaki aliyetimiza thelathini. Mwakani hata huko sitakuwepo.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya chakula tulikaa juu ya paa, pilipili zikikauka pembeni. Baba Mansi ananifundisha hesabu za asilimia ili na mimi nijaribu "ngazi yangu". Umri wake wa mwisho hakuutazama, nami sikumwambia. Bidhaa imepunguzwa bei mara mbili, ishirini kisha kumi, jumla ngapi? Akasema thelathini. Nikaandika ishirini na nane, nikamwuliza kwa upole: si ndivyo ulivyosema? Akaitazama karatasi muda mrefu. Ndiyo, ndivyo.

Nikamfuta jasho la shingo kwa ncha ya sari. Nikajiuliza, chuo cha biashara gani hiki?

Jumamosi, 21 Juni

Nilimwambia Mama naenda kununua sabuni, nikaenda kwa Rautela wa kompyuta, anayewajazia watu fomu. Cheti kwenye mfuko wa nailoni, chini ya sabuni ambayo ilibidi kweli niinunue.

Rautela akasema: shemeji, anwani nisiandike upya, ya mumeo imo humu tangu juzi. Akafungua. Na mimi macho ninayo. Kundan Singh, umri miaka ishirini na sita — hilo nalijua, mwalimu mkuu aliwapunguzia miaka minne darasa zima siku ya kuandikishwa ili kazi za serikali zisiwapite. Kwa karatasi nimeolewa na mdogo wangu. Lakini mstari wa chini yake! Elimu ya juu kabisa: darasa la kumi na mbili.

Rautela akaifunika skrini kwa kiganja, amechelewa. Akaniambia: shemeji, mimi sijaona kitu, na wewe hujaona kitu. Nikarudi nyumbani bila kujaza fomu.

Jumapili, 22 Juni

Nimemtazama akila. Wali, mchuzi wa mtindi, kitunguu kibichi. Anamlisha Mansi tonge moja, yeye moja. Miaka mitano amekuwa akiniambia "sisi tuliokwenda chuo", na mimi nikiitikia "ninyi wasomi, sisi tuseme nini". Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumaliza wali wangu.

Jumatatu, 23 Juni

Siku ya mwisho ya fomu. Nilifika kwa Rautela saa sita. Nikamwambia aandike digrii. Hakuuliza. Wanawake hawalipi ada, kwa hiyo hata kisingizio cha kukosa hela sikuwa nacho. Hifadhi ya nyaraka. Tuma.

Kosa langu — namba ya simu. Anwani ilikuwa ya Baba Mansi na namba ikabaki yake. Nilipofika nyumbani alikuwa kwenye ngazi za nje, simu mkononi. Akanionyesha. Ombi la Tanuja, ngazi ya digrii, limepokelewa. Akauliza: Tanuja huyu ni yupi? Jina langu halitaji kamwe, kwake mimi ni Mama Mansi. Kulisikia jina langu mdomoni mwake kulinitia baridi.

Nikaenda sandukuni nikamletea cheti. Akakisoma chote, hata maandishi madogo ya muhuri. Akasema, daraja la kwanza. Nikasema, ndiyo. Halafu nikamwambia nimeona na yake, kwa Rautela.

Alikaa chini pale pale kwenye jiwe. Akaniambia yote. Chuoni Haldwani, mwaka wa kwanza alifeli, akaona haya kurudi, akaosha vyombo hotelini miaka miwili. Mama yake alikuwa amemuuza nyati wake wa pekee wa maziwa ili asome. Alipomaliza "chuo" Mama aligawa vitamutamu vya ladu kijiji kizima. Alisema, ningemwambiaje mtu aliyeuza nyati?

Kisha akaanza kucheka, nami nikamfuata. Mjomba Harak! Kwangu alipunguza, kwao akadanganywa kwa kuzidishiwa, akatugeuza juu chini bila kujua. Tulicheka hadi Mama akachungulia dirishani kuuliza nani kavuta bangi.

Jumamosi, 5 Julai

Sasa mwalimu ni mimi. Ananiita mwalimu kwa sauti ya chini, na Mama akipita, Baba Mansi ananifokea kwa sauti kubwa: mbona huelewi wewe! Jana nilimfinya. Anaelewa haraka, mume wangu, akifundishwa na mtu asiyemwogopa. Mapunguzo mawili ya bei kwa mpigo sasa anayakata kichwani.

Tumekubaliana Mama ataambiwa. Lini, hapo ndipo hatujakubaliana. Baba Mansi anasema kesho. Jana pia alisema kesho. Mama naye amewatangazia majirani wote kwamba mwanawe anakwenda kufanya mtihani wa wenye digrii, na kwamba mkwe anamsindikiza ajaribu bahati. Mkwe mwenyewe, amewaambia, si haba, kwani ndiye anayewasomea bili zao za umeme. Alisema kwa fahari. Nilimpenda na nikaumia papo hapo.

Siri zetu mbili tumempa yeye kuzibeba, na hajui kama ana mzigo.

Ijumaa, 18 Julai

Barua za mtihani zimetoka. Haldwani, kituo kimoja, siku moja. Yake zamu ya asubuhi. Yangu mchana. Mama anakuja kumshika Mansi. Kesho, anasema Baba Mansi.

Jumatatu, 28 Julai. Haldwani

Naandika kwenye benchi la muuza chai, mkabala na geti.

Tulishuka jana, barabara imekatwa na maporomoko mahali pawili. Asubuhi Mama alitulisha mtindi na sukari vya kuleta bahati, kijiko cha kwanza mwanawe: kwa mtihani mkubwa. Mimi cha pili. Baba Mansi alimeza kama anameza dawa. Getini akanivuta kando. Akasema: mwambie wewe. Mimi nikimtazama usoni siwezi. Nikamwuliza, yote? Yangu na yako? Akasema yote. Akaingia bila kugeuka.

Kwa muda wa saa tatu nimejaribu. Nikifungua mdomo Mama ananipa kitu cha kula. Mara ndizi. Mara pakora. Nimempa nusu ya maneno, nikayamalizia na hali ya hewa.

Sasa hivi kipaza sauti kimetangaza: zamu ya mchana, wenye digrii, jipangeni upande wa kushoto. Mama ameruka. Mwanawe bado hajatoka na zamu yake imefika! Amemwendea mlinzi, Mansi kiunoni, namsikia hadi hapa. Anamwambia: kuna kijana wangu humo ndani mmemsahau, ana digrii, mtoeni apange mstari, mkimkosesha nitalala kwenye geti hili. Mlinzi anamwita mama, anamwambia humo asubuhi walikuwa wa kumi na mbili peke yao. Mama anamwambia yeye mlinzi ndiye asiyejua kusoma.

Watu wanamcheka. Natamani kuwapiga wote.

Mikoba hairuhusiwi ndani. Wala madaftari. Barua, kitambulisho, picha, basi. Hili daftari litabaki na yeye. Nimeshika kurasa hizi nizichane. Karatasi nyepesi, zingetoka mara moja, ningezitumbukiza kwenye jiko la muuza chai.

Sizichani.

Mama, nikikupa mkoba nitakuambia ulifungue daftari hili. Unasoma polepole, kwa kidole, na mimi nina muda humo ndani. Utakuwa umemaliza kabla sijatoka. Kundan atatoka kabla yangu. Kama utakuwa umefika kwenye nyati, mpe chai kwanza. Hajala tangu ule mtindi.

Na mstari wa kushoto huu, Mama, ni wangu.

Anarudi. Mlinzi amemwonyesha ubao, na sasa anatembea taratibu, midomo inasogea, anahesabu kitu. Amenitazama mimi, ametazama mstari. Mansi ananipungia mkono. Nimesimama, barua mkononi, naandika nikiwa nimesimama, na Mama amenyoosha mkono apokee