Watoto wa Khaltar Waacha Ziwa

Uliastai, Zavkhan
12 Mei

Mpendwa mdogo wangu Narmandakh,

Pokea salamu za watu na za mifugo. U hali gani huko Incheon? Kile kifua kimepoa, au hewa ya kiwandani bado inakusumbua? Sisi tu wazima. Baridi imelegea, wanakondoo wanarukaruka, na shemeji yako Chuluun ameota kitambi. Usimwambie nimesema.

Habari kubwa ni Khaltar, mbwa wetu. Alizaa watoto watano, weusi tii, manyoya kama dubu.

Kumbe mbwa mwitu nao walikuwa wanatutazama. Waliteremka mlimani wakabeba kondoo wawili mchana kweupe. Chuluun akaja juu: "Khaltar arudi malishoni. Uzazi umekwisha!"

"Na hawa wanaonyonya?"

"Si unajifanya mama wa kila kinachotambaa? Haya, walishe."

Basi nikaanza kuwaachisha ziwa. Uji mwepesi wa unga na maziwa ya mbuzi, kisha mchuzi wa mifupa, kisha nyama ya kondoo niliyoipondaponda. Siku ya kwanza waliingia bakulini miguu yote. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, unawalisha au unawaogesha?"

Wanne walijifunza. Yule wa tano, jike mdogo kuliko wote, alikataa katakata. Nikichovya kidole ananyonya kidole, nikimsogezea bakuli anageuza shingo. Mbavu zikaanza kuhesabika. Khaltar akirudi jioni maziwa ni kidogo, na hao ndugu zake wenye nguvu wanamsukumia pembeni. Nililia, Narmandakh. Nilijua tunamzika.

Jioni moja Khaltar alirudi, akasimama mbele ya hema, tumbo likamtikisika, akatapika. Nikapiga kelele: "Chuluun! Mbwa kala sumu!" Chuluun akatoka mbio, buti moja mguuni, jingine mkononi.

Mama mkwe alicheka hadi chai ikammwagikia. "Sumu gani! Anawaletea wanawe chakula, amewalainishia tumboni. Kweli wewe ni mtoto wa mjini!"

Mimi na wewe tungelijua wapi? Nilipogeuka, kale kadogo kalikuwa kamepenya katikati ya ndugu zake, kanalamba mpaka majani. Kesho yake kakala bakulini, tena kakaningurumia nilipokakaribia.

Sasa wote wanakula, na Khaltar anawafokea wakimfuata ziwa. Yuko na kondoo kutwa, na mbwa mwitu hawajasogea tena.

Majirani wameshaomba wanne. Huyo mdogo, Chuluun kasema haendi kokote. Leo asubuhi nimemkuta huyo shemeji yako amechutama nyuma ya hema, anakatafunia nyama kale kadogo. Kuniona tu, akameza.

Mama mkwe anakusalimu sana. Nisalimie binamu Batsukh na mkewe Solongo. Mbingu ikufunike, na njia yako iwe nyeupe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,
Oyunbileg