Sala ya Mama Juu ya Wali wa Kihispania

Nyinyi wachache niliowapa nywila ya ukurasa huu, nawasihi: haya yaishie kwenu. Msimsimulie hata mnayekula naye.

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, nami sijafungua dirisha.

Jana nilimpeleka mama kwenye mkahawa wa Kihispania mjini, kumshukuru kwa kunisomesha. Bei ya sahani mbili ingetosha kodi ya mwezi. Wali ukaja kwenye karai, wa manjano, umeshikana chini, kamba wakiwa bado na macho. Mhudumu akasema kule kuungua ndiko utamu wenyewe.

"Huu ni ukoko," mama akamwambia. "Mimi huloweka sufuria usiku kucha, nyinyi mnauza?"

Nilicheka. Sijacheka tena.

Kwetu chakula hakiguswi bila sala, na mama huomba kama aliyepewa kipaza sauti. Akanitaja jina kamili, karani wa kortini Makadara. Kisha akamwelekeza Mungu hadi nyumbani kwetu Ziwani, jengo na mlango, kana kwamba angepotea njia.

"Amina," ikajibu sauti ya mwanamume nyuma yetu.

Ninamjua. Kesi yake inasikizwa Alhamisi. Mashahidi wawili waliokuwa waseme dhidi yake hawaonekani tena mtaani kwao.

Nilipoitisha bili, mhudumu alisema imeshalipwa. Nikasihi ichukuliwe hela yangu, akakataa. Yule mtu akasimama kando yetu, akamshika mama mkono.

"Mathe, umelea. Na hiyo sala, imefika."

Kisha akanigeukia, akaniita jina, polepole. "Alhamisi, sawa?"

Kila kesi yake ikifika, mimi ndiye huita jina lake mahakamani. Sasa yeye ameita langu.

Mama alifurahi njia nzima. "Si umeona? Hata kwa Wahispania Mungu anasikia!" Sikuweza kumwambia ni nani aliyesikia.

Nikinyamaza, nimekula chakula chake. Nikisema, anajua mlango.

Nitasema. Kesho, kabla hakimu hajaketi, nitamweleza yote, hata kama hataamini kwamba sikuomba kulipiwa. Mama nimemhamishia kwa shangazi, wapi, siandiki.

Ukinihitaji, usibishe hodi. Simama kwa mama wa chapati pale langoni, umwambie umetumwa na kwaya. Atanileta.

Tafadhali, usiniite jina.